Miguso Arobaini

Huruma, Eldoret
6 Aprili 2025

Mpendwa Mama,

Salamu nyingi. Natumai goti limepoa na mvua imefika huko Ugunja. Mimi ni mzima, ni baridi tu ya huku. Naandika kwa karatasi kwa sababu nikikupigia, ukijaribu kupokea unakata, halafu tunabaki kulaumiana.

Omollo wa matatu ya shuttle atakuletea sukari kilo nne, majani ya chai na kitabu. Hicho kitabu, kurasa 62, nimekiandika mimi. Nilipokuja Februari uliniuliza ni kazi gani hiyo iliyonifanya nifunge kibanda cha kutengeneza simu. Ni hii. Kuna programu za akili bandia zinazotumia simu badala ya mtu: zinajaza fomu, zinatuma ujumbe. Lakini hazina vidole. Mimi ndiye ninayezielezea kila tendo la kidole: kugusa, kushikilia, kuburuta, kutelezesha. Kidole kiguse wapi, kikae muda gani, na kikikosa programu ifanye nini. Kushikilia ni nusu sekunde, Mama. Chini ya hapo simu inaona umegusa tu.

Hakuna aliyenishika mkono kufika hapa. Waonyeshe watu.

Mwanao,
Joash


Ugunja
27 Aprili 2025

Mwanangu Joash,

Sukari na majani nimepata, asante. Goti ni lile lile. Nakuombea afya.

Kitabu nilikipeleka kanisani, kwa kuwa ulisema niwaonyeshe watu. Baada ya ibada nikamwomba Mwalimu Lawrence awasomee akina mama. Ukurasa wa kwanza, penye jina lako, walipiga makofi. Akaendelea kufungua hapa na pale mpaka ukurasa wa 41. Hapo kuna picha ya mkono. Uso hauko, lakini ile alama yangu ya kuungua na pasi iko, na wale akina mama wote nimewashonea sare, wanaijua. Mwalimu alisoma kabla hajafikiria: mfano wa mguso mbovu, mwanamke wa miaka 71, mkono unatetemeka, amegusa mara 40, amekosa 27.

Kageha akaniuliza, "Leonida, si ulituambia cherehani uliacha kwa sababu ya macho?"

Miaka miwili nimekaa na mikono chini ya leso. Wewe peke yako ndiye niliyekuonyesha.

Mama yako


Huruma, Eldoret
4 Mei 2025

Mama,

Habari ya huko? Mimi niko salama.

Barua yako nimeisoma mara tatu na sijaona nilipokosea. Jina lako haliko. Februari nilikuomba uguse lile duara jekundu kwenye simu, ukagusa, hukuuliza ni la nini. Mwalimu naye angeruka huo ukurasa, kwani alilazimishwa? Miaka mitatu nimelala ndani ya kibanda hapa Huruma, kompyuta nimejifundisha kwa simu za watu zilizovunjika kioo. Siku moja tu jina langu linachapishwa, na kinachorudi nyumbani ni lawama.

Ishirini na saba kwa arobaini ni asilimia 67.5. Hiyo ni hesabu, si matusi.

Mwanao,
Joash


Huruma, Eldoret
22 Juni 2025

Mpendwa Mama,

Sijui kama goti linakuruhusu kutembea. Omollo anasema barua zangu mbili za Mei ulizipokea mlangoni, ukamshukuru, ukaingia ndani. Ni wiki saba sasa hujanijibu.

Wiki jana msimamizi wangu, Waceke, aliniuliza yule mama wa ukurasa wa 41 ni nani, na kama alikubali picha yake itumike. Nilimwambia simjui. Nilisema ni mama fulani tu niliyekutana naye. Nilisema hivyo mbele ya watu sita, Mama, na sauti haikunitetemeka hata kidogo.

Nikarudi kwenye video niliyokurekodi siku ile ya Februari. Ni dakika kumi na moja. Kila ukikosa nasikia sauti yangu, "Tena." Nakushika mkono, nakiweka kidole chako kwenye duara, naandika. Nimeitazama mpaka mwisho nikitafuta mahali nilipokuangalia usoni. Hakuna.

Jana nilimrudia Waceke nikamwambia ukweli: ni mama yangu, na sikumuuliza. Ukurasa utaondolewa. Lakini kanisani kwenu siwezi kuondoa kitu, hilo najua. Nimeona aibu mpaka Kapsoya kwa dada Betty siendi, atauliza habari zako.

Kama huwezi kunijibu nitaelewa. Mwambie Omollo tu kama uko mzima.

Mwanao,
Joash


Ugunja
6 Julai 2025

Mwanangu Joash,

Mimi ni mzima. Mvua imezidi, mahindi yamekuwa manjano. Barua hii nimeiandika siku nne, kwa hivyo usiharakishe kuisoma.

Nilikasirika na bado sijamaliza. Kanisani sasa naenda bila leso mikononi. Si kwamba nimekuwa jasiri, ni kwamba hakuna la kuficha tena. Kageha hunishikia kikombe cha chai. Sipendi, lakini namwachia.

Ukurasa usiuondoe. Kama hizo programu zitashika simu za watu kama mimi, lazima zijue mkono wangu. Ila andika kwamba ni mkono wa fundi wa nguo, na hesabu yako uirekebishe, kwa maana umekosea.

Ulipokuja Februari, ulikuwa hujakanyaga hapa mwaka mzima na miezi miwili. Ulikuja asubuhi, saa nane ukataka kuondoka. Nikaona kwamba kila nikikosa, unanishika mkono.

Mara tisa nilikosa kwa kusudi. Zilizobaki ni kumi na nane.

Mama yako