Kwa Gaston Balagizi, Aliyepima Alpaka kwa Mkono

Mwaka umetimia, Baba Gradi, tangu asubuhi ile ya tarehe 14 Agosti ulipotuacha. Watu husema mwaka ukipita moyo hutulia. Wangu haujatulia. Tangazo hili nimeliandika mara saba, nikalichana mara sita. Watoto wameniambia, "Mama, andika tu kama unavyoongea naye." Basi naandika hivyo, na wanaosoma watatuvumilia.

Wasiokujua waambiwe. Ulizaliwa Bukavu, ukasomea udaktari wa mifugo Lubumbashi, ukaja Johannesburg na vyeti vyako ndani ya bahasha ya plastiki. Havikutambuliwa. Ukalinda geti la duka la vyakula vya mifugo upande wa Turffontein, miaka minne, na hata siku moja hukusema kazi ile ni ndogo. Ni pale getini mfugaji Carmel alipokuja akilalamika kwamba alpaka wake wanakufa mmoja mmoja, ingawa wote wanaonekana wanene. Ukamwuliza, "Umewashika mgongoni?" Hakuwa amewashika. Wiki iliyofuata ulikuwa shambani kwake Muldersdrift, na getini hukurudi tena. Daktari mwenye leseni alikuja na sindano zake, ndiyo, lakini kabla hajafungua mkoba alikuuliza wewe kwanza.

Alpaka, kwa asiyewajua, ni wanyama wa Amerika Kusini, ndugu wadogo wa ngamia, wenye shingo ndefu na sufu nyingi. Hapa mtaani kwetu Yeoville walikutania: daktari wa kondoo waliovutwa shingo! Ulicheka nao. Lakini ukianza kueleza kazi yako ulikuwa humalizi, mpaka chakula kinapoa. Ulisema alpaka ni mnyama wa kuficha. Akiumwa halii. Anaendelea kutafuna na wenzake mpaka siku anapolala chini na hainuki, na sufu imefunika mifupa muda wote huo. Kwa hiyo kila Jumamosi uliwapitia mmoja mmoja. Ulizamisha vidole kwenye sufu mpaka ukagusa uti wa mgongo, ukafunua kope la chini kutazama kama ndani ni jekundu au limepauka kwa minyoo, ukampandisha mnyama kwenye mizani, ukaandika. "Macho yanadanganywa," ulituambia, "mkono haudanganywi."

Na mgonjwa kwako hakupelekwa hospitali peke yake. Hapo ulikuwa mkali. Alpaka akitengwa na wenzake, ulisema, hofu humwua kabla ya ugonjwa. Ulipakia wawili kwenye trela, mgonjwa na wa kumsindikiza, na Carmel akinung'unika ulimjibu kwamba alpaka wako Clémentine haendi bila mwenzake Sagesse. Funguo za gari ulikaa nazo mfukoni mpaka Sagesse akapanda.

Nyumbani ulirudi na mate ya kijani kwenye kola, ukasema Clémentine amekusalimia. Ulipenda sombe, yale majani ya muhogo, yenye pilipili ya kuliza wageni. Mashati yako ulipiga pasi mwenyewe, eti mimi naharakisha. Mume wa fundi cherehani! Nilikuwa naona aibu wateja wakikukuta na pasi mkononi. Leo ningelipa kukuona umesimama pale.

Sasa nimefika mahali ninapochana karatasi.

Mwezi wa nne uliniletea suruali ya kijivu dukani. "Mama Gradi, iyi pantalo imelegeya, unipunguzie kidogo hapa kiunoni." Nikakupima, nikapunguza sentimita tatu. Mwezi wa sita ukairudisha. Nikapunguza nne, nikakutania kwamba unajikondesha ili wasichana wa saluni ya jirani wakuone. "Eish, weye na wivu yako," ukasema, tukacheka sana. Mwezi wa saba, baridi kali, ukaileta tena. Sita. Siku hiyo sikukutania. Nilikuwa na nguo za harusi za kumaliza, watu kumi na wawili wa sare moja ya kitenge. Nilizungusha futi kiunoni mwako, nikasoma namba, nikaweka alama ya chaki, nikakwambia, "Pitia kesho." Sikuinua hata kichwa.

Wiki tatu baadaye ulianguka kanisani. Hospitalini ulikaa siku mbili tu. Daktari alitoka kwenye korido akatuuliza, "Mtu amekonda hivi, na hakuna aliyeona?" Mwanetu Gradi alikuwa pale, mdogo wake Shekinah alikuwa pale, wote wakanitazama. Nikajibu, "Ilikuwa baridi. Alikuwa anavaa koti."

Ni kweli ulikuwa unavaa koti. Lakini wewe na mimi tunajua kiuno chako nilikuwa nacho mikononi mara tatu.

Jibu hilo nimeishi nalo mwaka mzima. Sikai. Nikikaa kwenye cherehani nainuka, nikiinuka sijui nilikuwa naenda wapi. Nafua nguo safi. Ile suruali ya kijivu nimeifumua mishono, nikaishona, nikaifumua tena. Watoto wakipita karibu nawashika mgongoni, nawapapasa mbavu kupitia sweta, na Gradi na miaka yake ishirini na saba anauliza kama nimerukwa na akili. Mchungaji aliniambia niombe. Naomba nikitembea.

Carmel alikuwa akinipigia simu tangu Septemba nikachukue vitu vyako. Sikwenda. Nilisema nina kazi, nilisema taksi zimegoma, nilisema mafua. Mwezi uliopita nikaishiwa uongo, nikaenda. Naseeb wa Tanga, mliyefanya naye kazi, akanikabidhi buti zako, redio yako, na daftari la mizani lililojaa. "Shemeji, hili Carmel kasema ubaki nalo," akaniambia. "Sisi tumefungua jingine."

Nililifungua pale pale nisije nikawatazama wale wanyama wako. Clémentine, kilo sitini na nane. Sagesse, sabini na moja. Na chini yao, kwa mwandiko wako ule wa kulala: G., themanini na moja. Jumamosi nyingine, G., sabini na saba. Kisha sabini na mbili. Kisha sitini na sita, na pembeni umeandika: jicho la njano. Ulikuwa unajipima, Gaston. Ulifunua jicho lako mwenyewe mbele ya kioo cha gari, ukaliandika katika daftari la mifugo.

Nikamtazama Naseeb.

"Alijua, shemeji. Mwezi wa sita nilimfikisha mimi mpaka geti la hospitali, akanikataza nisiingie. Alivyotoka kaniambia ni ini, na kwamba amechelewa. Kaniapisha nisimwambie mtu."

"Na wewe ukakubali?"

"Ningefanyaje? Nilimwambia, basi angalau nunua mkanda, suruali isikuaibishe mbele za watu. Akasema hapana. 'Suruali zangu anazijua Marthe.'"

Baba Gradi, nilikukasirikia pale pale zizini, mbele ya watu. Nilipiga kelele mpaka alpaka wote wakainua shingo. Mnyama ulimtafutia wa kumsindikiza, wewe ukaingia peke yako! Miaka ishirini na tisa ya ndoa, na hukuona wa kukusindikiza? Na kwangu unakuja mara tatu, unanyanyua mikono, unasimama nikupime, husemi neno. Ulikuwa unanificha, au ulikuwa unangoja niulize? Siku nyingine naamini hivi, siku nyingine naamini vile. Najua tu kwamba mkanda ungeweza kuununua, na hukununua.

Nilirudi na daftari kifuani. Nikalificha kabatini chini ya vitambaa. Halafu nikajiona: na mimi sasa naficha.

Jumapili iliyopita, baada ya chakula, nikawaambia watoto wasinyanyuke. Nilisema, "Daktari alipouliza, sikujibu ukweli wote. Suruali ya baba yenu niliipunguza mara tatu. Namba nilizijua mimi." Nikaweka daftari mezani. Nikangoja wanilaumu. Nilimwogopa hasa Gradi, kwa sababu alikupenda kwa namna ya watu wasiosema.

Gradi alifunua kurasa polepole. Mwisho akasema, "Mama, na mie nilimwona. Mwezi wa tano, anatapika nyuma ya kanisa. Aliniambia, usimwambie mama yako, ataacha kazi. Nikanyamaza. Nilifikiri weye ukijua utanichukia."

Shekinah, ambaye hutujibu kwa Kiingereza siku zote na kutuachia Kiswahili chetu, safari hii alikitafuta neno kwa neno. "Papa alikuwa anaweka nyama yake kwa sahani yangu. Kila siku. Mi nilikula tu." Akaficha uso kwenye kitambaa cha meza.

Sote watatu tulikuwa tumeona. Kila mmoja alidhani ni yeye peke yake aliyeona na kunyamaza, na mwaka mzima kila mmoja amejihukumu chumbani kwake, ukuta kwa ukuta. Tulilia. Kisha Gradi akachemsha chai, tukakaa tukikusema mpaka birika likaisha: ukaidi wako, pilipili zako, jinsi ulivyowapa alpaka heshima ambayo wachungaji wengine hawapati. Nimekusamehe, si yote, sehemu kubwa. Na wewe unisamehe ule mzaha wa wasichana wa saluni, na kwamba mara ya tatu sikuinua kichwa.

Ibada ya kukukumbuka itakuwa Jumamosi hii saa nne asubuhi, kanisani kwetu Yeoville. Carmel na Naseeb watakuja. Chakula kipo, na anayeumwa na jambo lolote aje aseme, atasikilizwa.

Unakumbukwa na mkeo Marthe. Wanao Gradi na Shekinah. Dada yako Héritière aliyeko Bukavu. Mdogo wako Pitchou wa Rosettenville na familia yake. Naseeb, Carmel, na waumini wote waliokubeba siku ulipoanguka.

Hatutakusahau, Gaston. Na kuanzia sasa tutakukumbuka kwa sauti.