Minza Anaita

Jumapili, 6 Julai 1997

Wiki tatu na siku moja tangu niwe mke wa Egide. Bado naandika jina lake pembezoni mwa daftari kama mtoto wa kidato cha pili. Sijali! Humu hasomi mtu.

Amenipa sayari. Kweli kabisa! Ofisini kwao, kwenye mradi wa visima, mzungu aliyeondoka aliacha mchezo ndani ya kompyuta. Unatawala taifa zima la angani. Unaunda meli, unapeleka watu kwenye nyota, unapigana na maadui wenye ngozi ya mjusi. Egide anacheza Jumamosi mchana, jenereta likiwaka. Jana alipata sayari mpya, mchezo ukamwuliza iitwe nani. Akaandika MINZA. Anasema herufi zinang'aa kijani katikati ya giza. Nikalia. Akanicheka — wewe Msukuma, unalilia nyota? — kumbe na yeye macho yana maji.

Dada zangu waliolewa wakapewa khanga. Mimi nimepewa dunia.

Jumamosi, 12 Julai

Naandika hadithi! Nilimwambia mchezo wake unapotea bure, inafaa uwe riwaya, kila wiki sehemu moja. Akaruka kwa furaha. Tumewekeana sharti: vita ni vya kwake, watu ni wa kwangu. Mchezo ukisema meli imelipuka, imelipuka, siruhusiwi kuiokoa. Lakini nani alikuwa ndani, asubuhi alikula nini, ufunguo alimwachia nani — hayo yangu. Maana mchezo wenyewe hauna watu. Una namba tu. Milioni mbili, basi.

Nimeanza na Bibi Hana. Amepanda meli na pingili za muhogo kwenye kitenge, na kinu chake. Huko Minza uzito ni mdogo, ukitwanga unga unaruka hadi juu. Kwa hiyo anatwanga chini ya mwavuli. Egide alicheka hadi akakaa chini. Kisha akanibusu mkono wa kuandikia. Kidole kimoja kimoja!

Jumapili, 20 Julai

Imesomwa! Silvester, mtunza stoo wa ofisini kwao, alipiga stensili kwenye taipureta, wakadurufu nakala ishirini. Baada ya ibada katekista Apollinarie akaruhusu. Egide akasimama kwenye ngazi za kigango akasoma kwa sauti, maana wengi hawajui kusoma, na wanaojua wanapenda kusomewa. Amesema kuanzia sasa hatapitia kabla. Anataka ashtuke pamoja na watu. Sauti yake! Ningeolewa tena pale pale.

Juu ya ukurasa imeandikwa: Na Egide. Nilishtuka kidogo. Akasema mume na mke ni mwili mmoja, na mwili mmoja unatosha saini moja. Nzuri hiyo! Hata mimi nisingeweza kuisema vizuri hivyo.

Jumatano, 6 Agosti

Mama mkwe amekuja na treni kutoka Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi. Mama Katarina. Atakaa nasi hapa Misunkumilo mpaka mvua. Amenionyesha upya jinsi ya kusonga ugali. Mimi! Binti wa watu wa ng'ombe na mahindi! Nikasema asante mama.

Leo tulikuwa tunachambua dagaa wa Ikola, ungo katikati yetu. Ghafla akauliza, huyo Hana wako alipopanda meli, nyuma aliacha nani? (Wako! Ina maana anajua nani anaandika.) Nikasema sijafikiria. Akasema fikiria. Hakuna anayeondoka bila kuacha mtu. Akaendelea na vichwa vya dagaa.

Jumapili, 17 Agosti

Sehemu ya tano. Watu wamejaa hadi barabarani. Mzee mmoja wa Kasansa, mwenye ng'ombe wengi, ameuliza kwa dhati kabisa kama huko Minza kuna malisho. Watu wakacheka. Akasema nyie chekeni, mimi nauliza bei ya nauli.

Wote wanampa mkono Egide. Mwandishi! Mwandishi huyu hapa! Mama mmoja akaniambia, una bahati dada, mume wako ana kichwa, umtunzie chakula chake. Nikatabasamu hadi mashavu yakauma. Kisha nikabeba benchi nikarudisha ndani.

Mwili mmoja. Lakini mkono wenye wino ni huu wangu.

Si kitu. Usiku amesema kila akibonyeza kitufe ananifikiria mimi.

Jumapili, 31 Agosti

Egide ameniambia mavuno ya Minza yamezidi sayari zote. Nikaandika siku ya mavuno, kurasa nne! Hana anakata muhogo wa kwanza, fundi Enoka analia kwa sababu unanukia kama wa kwao. Leo kigangoni wanawake wamepiga vigelegele. Kwa muhogo wa angani! Nikapiga na mimi.

Egide alikuwa anatoka jasho akisoma. Nadhani ni furaha.

Jumamosi, 13 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Nimempelekea chakula ofisini. Nimepanga iwe sapraizi, wali na kuku, nimevaa gauni la sendofu, lile nililoagwa nalo nyumbani. Egide alikuwa nje kwenye jenereta. Silvester ndiye aliyekaa kwenye kompyuta. Akaniona akasema, shemeji, pole na msiba. Msiba gani? Si wa sayari yako! Akacheka. Alidhani najua.

MINZA. Nimeiona kwa macho yangu. Nyekundu. Nyekundu ni rangi ya mijusi.

Silvester akaanza kuona aibu, lakini nikambana akaeleza yote. Mijusi waliomba amani. Wakasema tupe sayari moja, tutakupa siri ya injini za mwendo kasi. Egide akawapa Minza. Haina madini, alisema. Watu walioenea kwenye meli akawahamishia sayari mpya. Waliobaki wakabaki.

Lini? Silvester akahesabu kwa vidole. Tarehe ishirini na tatu, mwezi wa nane.

Wiki tatu! Vigelegele vyote vile — muhogo ulikuwa wa mijusi.

Sayari mpya ina jina. KATARINA.

Chakula nimekiacha mezani. Nimerudi kwa miguu, viatu mkononi.

Jumapili, 14 Septemba

Hatukusoma leo. Watu wameambiwa mwandishi anaumwa. Kwa kweli mwandishi anaumwa, ila si yule waliyempa pole.

Nimemwuliza. Hakukataa. Amesema ulilia ilipopatikana, nikajua ikipotea utalia zaidi. Ndiyo maana akatunga mavuno. Nikasema kutunga ni kazi yangu. Akasema lakini ni mchezo tu, mke wangu. Nikasema siku ile ulipoandika jina haukuwa mchezo tu. Kisha akasema jina la mama aliliweka ili mama naye afurahi, sayari hiyo ina dhahabu nyingi.

Nikauliza waliobaki ni wangapi. Akasema kama nusu milioni. Akasema ni namba tu, wewe mwenyewe uliwahi kusema.

Kweli niliwahi kusema.

Jumatano, 17 Septemba

Anataka sehemu ya tisa ianzie sayari mpya. Niandike Minza kulikuwa na ukame, watu wote wakahama kwa hiari, wakiimba. Nikauliza na Hana? Akasema Hana ahame tu, watu wanampenda.

Amenisemesha kwa upole sana. Ameniletea soda. Nimeinywa. Haina ladha.

Nikamkumbusha sharti. Vita vyako, watu wangu. Akasema ndiyo, ndiyo, bila shaka. Hakusikia nilichosema.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeandika siku mbili. Egide alikuwa safarini Ikola, kuna kisima kimekatika bomba. Leo nimeenda ofisini mwenyewe. Silvester akaniachia taipureta. Nadhani ana deni la aibu. Nimepiga stensili kwa vidole viwili, kutoka saa nne hadi saa tisa. Juu nimeandika: Na Minza. Silvester akaangalia. Akasema shemeji, hii stensili ukishaikata haifutiki. Nikasema najua. Akazungusha mashine.

Nyumbani mama alikuwa anapukuchua maharage. Akauliza kwa sauti ya chini, waliobaki, umewafikiria? Nikasema ndiyo, mama. Akasogea kidogo kwenye mkeka, akanipa nafasi. Tukapukuchua. Siku zote hizi nilikuwa nakasirikia jina lake pale kwenye kioo cha kompyuta, na yeye mwenyewe hata hajui ana sayari.

Egide amerudi jioni na samaki. Ameuliza imekamilika? Imekamilika. Asante mpenzi, akasema, nilijua utaelewa. Hakuomba kuiona.

Jumapili, 21 Septemba

Naandika hapa hapa kigangoni, daftari gotini, kama mtu anayenukuu mahubiri.

Watu ni wengi kuliko Jumapili zote. Apollinarie amemkaribisha, mwandishi wetu amepona, tumshukuru Mungu. Makofi. Egide amefungua karatasi. Ameona jina. Nikaona midomo inakutana kwa M ya Minza — halafu akakohoa, akaanza na "Asubuhi ile". Ameliruka.

Amesoma meli zinavyoshuka Minza. Karani mlangoni anahesabu watu kwa kidole, akifika namba yake anafunga mlango. Amesoma Hana alivyokuwa shambani, hakusikia honi. Watu walikuwa wanacheka mwanzoni. Mzee wa Kasansa akapaza sauti, na ng'ombe je, nao wameachwa? Kicheko kikakatika chenyewe.

Anasoma polepole sasa. Vikapu vya mavuno vimejaa na hakuna wa kuvibeba. Enoka anasema wamesahau tu, watarudi. Hana anasema hawakusahau, walihesabu. Halafu Hana anakwenda kwenye redio kolu ya kijiji, ile ya kuitia meli, anapangusa vumbi, anabonyeza kitufe, anasema —

Egide amekomea hapo.

Mstari unaofuata naujua kwa moyo. Minza anaita. Minza anaita. Kamanda, unanipata? Ovaa.

Chini yake nimeacha mistari mitatu mitupu. Kamanda si mtu wangu. Yeye ni wa mchezo, ni wa Egide.

Mtoto analia nyuma, ananyamazishwa. Apollinarie anasema, endelea basi, ndugu, jua kali. Egide anageuza karatasi, nyuma hamna kitu, anaigeuza tena.

Mama Katarina amesimama. Ameshika ncha ya kitenge. Anasema, soma, Egide. Mwaka wa sabini na mbili, tulipokimbia mauaji kwetu, wewe nilikubeba mgongoni. Wengine niliwaacha ng'ambo ya ziwa, na redio hatukuwa nayo. Soma, tusikie kama huyo kamanda alijibu.

Hakuna anayecheka.

Egide ananitafuta kwa macho. Amenipata. Hapa, benchi ya tatu. Simsaidii. Karatasi anaikunja, anaikunjua, mpaka hapa nilipo naisikia.

Amevuta pumzi. Midomo inakutana tena, kwa M ile ile —