Jina Sikulitaja

Jumatatu, 3 Februari
Nimechelewa tena darasani. Mwaka wa kwanza, sayansi ya siasa. Mwalimu anasema siasa haianzii ikulu. Inaanza pale mtu anapokwambia "kaa hapa", nawe ukakaa. Kazi ya nyumbani: nani ana mamlaka mtaani kwako, na kwa nini anatiiwa? Rahisi. Mi nimezaliwa Buyenzi, mtaa wa mafundi wa magari; magaraji nayajua.

Jumatano, 5 Februari
Nimekaa kwa Mama Zubeda, anayewauzia mafundi chai. Kanieleza yote. Mkubwa wa magaraji ndiye anayegawa nafasi barabarani, na ndugu zake ndio wanaopata penye kivuli. Halafu akaniapisha. "Jina langu apana, mwanangu." Nikaapa.

Jumatatu, 10 Februari
Nimesoma kazi yangu mbele ya darasa. Jina sikulitaja. Lakini niliandika: muuza chai, mjane, benchi la kijani, mkabala na msikiti. Mjinga mimi. Wa hivyo yuko mmoja tu Buyenzi nzima. Nimepata kumi na saba juu ya ishirini, na makofi. Mstari wa nyuma alikaa mpwa wa mkubwa wa magaraji. Nilimwona nimeshamaliza.

Alhamisi, 13 Februari
Mama Zubeda kahamishwa. Hakuna barua, hakuna polisi. Kaambiwa tu akae kule mwisho, kwenye matope, ambako fundi hafiki. Akabeba benchi lake mwenyewe. Mwalimu alisema kweli, na mi naona haya.

Ijumaa, 14 Februari
Baya zaidi. Mama Zubeda anaamini aliyemchongea ni Hamisi, fundi wa redieta, kwa sababu siku ile aliponieleza alikuwa karibu, anasikia. Kamnyima chai, kamnyima salamu. Hamisi kaapa, hakuaminiwa. Wamejuana tangu mi sijazaliwa. Nimepita, nimesalimia, nimenyamaza. Mnafiki mkubwa. Nimeswali Ijumaa na sikusikia hata neno moja la hotuba.

Jumamosi, 15 Februari
Sikwenda kwa Mama Zubeda. Niliogopa.

Jumapili, 16 Februari
Nimemwambia ukweli: ni mimi. Hakupiga kelele. Alikaza kanga, akanishika mkono, tukapita mbele ya magaraji yote mpaka kwa Hamisi. Akamwomba msamaha, mafundi wakisikia. Hamisi akaupokea mkono wake kwa mikono miwili. Nikanyoosha wangu. Akauangalia, akarudi kwenye redieta yake.