Kiyoyozi Kimekufa, Kivuko Kinatembea

Jumatatu, 3 Februari

Joto! Usiku umeingia zamani na ukuta bado unachoma ukiushika. Kiyoyozi chetu kimekufa tangu juzi. Mimi ni fundi wa viyoyozi. Nimeziandika sentensi hizi mbili karibu karibu ili nione aibu vizuri.

Mota ya feni ya nje imeungua. Nimeomba nyingine kazini, bosi kasema wateja kwanza. Leo nimeshinda juu ya paa la ofisi moja nikiungua mgongo ili watu wa chini wavae masweta. Mama mmoja pale kaniomba nipunguze baridi, eti mabega yanamuuma. Nilimwangalia kwa wivu mpaka akajifunika mtandio.

Baba mkwe anaamini yeye ndiye kakiua. Alifika Ijumaa, akalala na kiyoyozi kwenye baridi ya mwisho na dirisha wazi — hewa lazima izunguke, kasema. Asubuhi kikazima. Ukweli ni kwamba mota ile ilikuwa inakoroma tangu mwaka jana, na mimi nilikuwa naisikia. Lakini mzee kashatamka: haondoki mpaka alichoharibu kitengenezwe. Kikipona, kesho yake anapanda basi. Huyu ni mkuu wa stesheni mstaafu. Akitaja siku ya safari, habembelezwi.

Kabla ya kwenda zamu ya usiku, mke wangu kanivuta jikoni. Tulimzika mama yake miezi mitatu iliyopita. Baba akirudi kwenye ile nyumba tupu, hali, halali, haongei — tutamzika naye. Nimbakize! Vipi? Hilo kaniachia mimi. Na yeye ni nesi asiyeweza kudanganya hata mgonjwa kuhusu sindano, kwa hiyo habari ya mota kuwa mbovu tangu mwaka jana siwezi kumwambia. Akijua tu, baba atajua kabla ya chai.

Jumatano, 5 Februari

Nina dawa yangu ya joto: gemu za baridi. Mwenzangu kazini, tunamwita Gesi kwa sababu akifunguka hafungiki, hucheza gemu za vita usiku kucha na kuja kazini macho mekundu kama katoka vitani kweli. Mimi nataka gemu lisilonifukuza. Ninalo la kupanda mlima wa theluji polepole. Ninalo la bustani. Siku hizi nacheza la kivuko. Ziwa, ukungu, mvua haikatiki. Una boti yenye taa. Abiria ni wanyama. Unawavusha, unawachemshia chai, wanakusimulia mambo yao. Basi. Nikizima taa za ndani na kuweka miguu kwenye beseni la maji, baada ya muda mwili unadanganyika.

Jana usiku ndiyo kwanza namvusha bata bukini mwenye sanduku, nikasikia kikohozi nyuma yangu. Baba mkwe! Fulana ya ndani imemganda mwilini, usingizi hana. Nikaruka, beseni likapinduka. Mume wa binti yake, mtu mwenye ndevu, anavusha bata. Nilitamani ardhi inimeze.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Endelea na kazi."

Akavuta kiti, akakaa kwenye maji yangu yaliyomwagika. Mvua ya kwenye runinga ikanyesha weee. Mwisho akauliza:

"Nani anashinda?"

"Hakuna, baba."

"Adui yuko wapi?"

"Hakuna adui."

"Sasa hapa tunafanya nini?"

"Tunapumzika."

Akatazama boti, taa, bata. "Kwa kazi yote hii?" akasema. Lakini hakuinuka. Na hayo ndiyo maneno mengi kuliko yote aliyosema tangu aje.

Ijumaa, 7 Februari

Mzee kashika usukani!

Ilianza hivi. Jana niliachia boti izunguke bandarini bila haraka, maana ndiyo raha yenyewe. Akavumilia, akavumilia, mwishowe: "Abiria wamesimama kwenye mvua na wewe unazunguka!" Nikampa rimoti ya gemu. Kaishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Kagonga gati. Kagonga tena. Kaomba radhi kwa bata bukini, kwa sauti.

Leo nimerudi kutoka kazini nimekuta karatasi imebandikwa kando ya runinga: ratiba. Kivuko cha kwanza, cha pili, cha mwisho. Kivuko ambacho hakina hata saa! Kaweka saa yake ya mkononi mezani, ndiyo saa ya ziwa sasa.

Nilimweleza kwa adabu kwamba gemu hili limetengenezwa watu watulie. Kanijibu kwamba yeye hawezi kutulia abiria wakichelewa. Na kweli, boti ikitia nanga kwa wakati anaegemea kiti na kushusha pumzi, na uso unalegea. Kila mtu na namna yake ya kupumzika.

Kala chakula cha usiku chote. Sahani nyeupe!

Jumapili, 9 Februari

Jirani wa ukuta wa pili kanisimamisha kwenye ngazi. Kauliza kwa upole kama kwetu kuna mgeni mkorofi. Usiku amesikia mzee akifoka: "Sanduku lako linaziba njia! Nimekwambia jana! Ukirudia, unabaki!" Jirani alikuwa na wasiwasi na huyo mgeni, asije akalala nje.

Nikamwambia ni bata bukini. Kanitazama, kapandisha ngazi bila kuaga.

Kuna abiria mmoja anamtia mzee homa. Kobe, bibi kizee wa kobe, na kikapu chake. Anatokea mwisho wa njia kila boti ikiwa tayari kuondoka, na anatembea… ni kobe. Mwanzoni mzee kamwacha bila huruma. Muda ni muda. Usiku wa pili kamwacha tena, lakini akageuza kamera kumtazama amebaki gatini. Jana kasimamisha boti. Bata bukini akaanza kulalamika, akaambiwa afunge mdomo. Tukamngoja kobe, hatua moja, hatua nyingine, mvua inanyesha.

"Mama yenu alikuwa hivi," mzee akasema. "Mke wa mkuu wa stesheni, na kila safari anachelewa. Kitambaa hiki hapana, kile hapana. Nilikuwa nagomba mpaka treni inaona haya."

Akacheka! Kisha akaacha kucheka, na tukaendelea kungoja. Nilijifuta uso kwa taulo la jasho, machozi yakapita kama jasho. Nampenda mzee huyu. Sikujua.

Jumanne, 11 Februari

Balaa. Bosi kaniita stoo, kanitupia boksi. "Mota yako hiyo. Sasa acha kunitazama kama yatima."

Mpya. Inang'aa. Ningeifunga leo hii hii kabla jua halijazama. Halafu mzee anakunja ratiba yake, anapanda basi, anarudi kwake kukaa kwenye kiti kinachotazamana na kiti kitupu cha marehemu mkewe.

Nimeitoa kwenye boksi, nimeipaka vumbi kidogo na grisi ionekane kuukuu, nimeitumbukiza kwenye mkoba wa zana pamoja na mota mbovu. Mke wangu kaniuliza kama kuna habari yoyote kuhusu kifaa. Nikasema vifaa siku hizi shida. Mzee akaitikia kutoka sebuleni kwamba zamani treni nzima ilingoja boliti mwezi mmoja, na hakuna aliyekufa.

Gesi kaniona nikiipaka mota mpya grisi. Kaahidi hatasema. Gesi!

Alhamisi, 13 Februari

Kwa upande wa sebuleni, mambo ni burudani. Mzee kamfundisha bata bukini kuweka sanduku nyuma — kwa kweli gemu lenyewe humhamisha, lakini heshima nimemwachia yeye. Tunakaa fulana mbili, mabeseni mawili, tunasikiliza mvua ya watu.

Kwa upande wa chumbani, ni mateso. Mke wangu anarudi kutoka zamu jua likichomoza, analala mchana, na mchana chumba kile ni tanuri. Analala na taulo bichi usoni. Jana nilipita kumtazama, kafumbua jicho moja, kasema pole pole kwamba aliolewa na fundi wa viyoyozi ili apoe. Nikalowesha taulo tena.

Ijumaa, 14 Februari

Mke wangu kalala kasimama. Kwenye chumba cha kubadilishia nguo hospitali, akifunga vifungo, usingizi ukamchukua, paji la uso likapiga kabati la chuma. Karudi na nundu kubwa na tabasamu la uongo, yeye asiyejua kudanganya. Kasema hajambo. Mzee kaishika ile nundu kwa kidole, kanigeukia mimi. Ningependa angenifokea.

Mimi ni mtu gani? Nimemchoma mke ili kumtunza baba yake.

Kesho nafunga mota.

Jumamosi, 15 Februari

Nimefunga. Mzee alikuwa kwa kinyozi, mke wangu kwa rafiki yake mwenye feni nzuri. Kazi ya muda mfupi, mikono inaijua yenyewe. Kikawaka, kikanguruma kidogo, kikapuliza. Hewa ile! Nilisimama chini yake kwa furaha na roho imenisinyaa.

Mke wangu alipoingia alikumbatia ukuta. Kisha akanikumbatia mimi. Kisha akakumbuka, akamtazama baba yake mlangoni.

"Hongera, fundi," mzee akasema. Akaenda chumbani. Tukasikia anatoa begi juu ya kabati. Keshokutwa basi la asubuhi, maana kesho Jumapili mabasi hayaaminiki.

Tumemwomba. Mke wangu kamlilia waziwazi. Kajibu kwamba ahadi ni ahadi, na kwamba yeye si mtu wa kuning'inia kwenye nyumba za watoto. Usiku tumefunga madirisha, kila mtu chumbani kwake, blanketi mpaka kidevuni. Runinga giza. Nina baridi na sina usingizi. Kiyoyozi hakikoromi hata kidogo. Kazi safi, laana yake!

Jumatatu, 17 Februari, alfajiri

Naandika nikiwa bafuni. Nimefunga mlango kwa ndani.

Usiku nimeamka nimelowa. Kiyoyozi kimya! Mke wangu yuko zamu. Nikashika tochi, nikapanda ngazi hadi kwenye mtambo wa nje, nikafungua kila kitu. Mota nzima. Kapasita inayoiwasha nzima. Gesi ya kupoza imejaa. Nikateremka, nikafungua kisanduku cha umeme kule kwenye korido: mahali pa fyuzi ya kiyoyozi pako wazi. Haijaungua. Haipo!

Sebuleni mvua inanyesha. Mzee yuko na nguo za safari, shati limefungwa mpaka shingoni, jasho linamtiririka, anavusha abiria.

"Kimezima?" akauliza bila kugeuka.

"Kimezima, baba."

"Vifaa vya siku hizi."

Mfuko wa shati lake umetuna. Shati jembamba, limelowa, na mimi nimeshika fyuzi maisha yangu yote. Hata gizani nalijua umbo lake. Moyo ulinipasuka kwa furaha. Huyu mtu hataki kuondoka! Hajui tu kulisema.

"Basi lako, baba…"

"Siwezi kuiacha nyumba ikiwa na hitilafu. Itachukua siku ngapi?"

"Kifaa hiki ni adimu sana," nikasema. "Kinaagizwa mbali."

"Mbali kiasi gani?"

"Ng'ambo ya bahari, baba. Kwa meli."

Akatikisa kichwa kwa masikitiko makubwa. Nikakaa kando yake. Tulikuwa tumekaa hivyo hivyo, wawili, wanafiki wakubwa, ufunguo ukazunguka mlangoni. Mke wangu. Nundu imekuwa ya kijani. Kaingia mikono imenyooshwa mbele kuipokea baridi, hakuipata. Kalitazama begi la baba lililosimama mlangoni. Kautazama mkoba wangu wa zana ulio kando yake. Katutazama sisi. Kauliza swali moja tu: kimefanya nini tena.

Baba kanitazama mimi. Nikasema tumbo linaniuma, nikakimbilia huku.

Sasa nawasikia. Mzee anamweleza, kwa ile sauti ya matangazo ya stesheni, kwamba kwa mujibu wa fundi fyuzi hiyo haipatikani nchi nzima. Mke wangu kimya. Huo ukimya naujua. Kwenye mkoba wangu kuna pakiti nzima ya fyuzi hizo, na alininunulia yeye mwenyewe.

Hatua zinaelekea mlango wa mbele. Kuna mtu anainama. Zipu inafunguliwa, polepole. Sijui ni ya begi la baba, nguo zirudi kabatini, au ya mkoba wangu.