Kwetu Watu Hawahesabiwi

Jumatatu, 3 Februari
Tumemwaga zege la slabu tena, mjengo wa Gatongora. Mabega yamekufa. Lori limetushusha Kiganjo giza likiingia. Akiru alikuwa ameshapika ugali, umeungua chini kidogo. Tumekula. Hakusema neno. Mtoto wangu huyu huongea mpaka nimwambie anyamaze. Kuna kitu.

Alhamisi, 6 Februari
Nimeitwa shuleni. Mwalimu wa darasa anasema Akiru hajui kuhesabu. Yuko Gredi ya Pili na akiulizwa kwao wako watu wangapi, anatazama sakafu. Akiulizwa mbuzi wa nyumbani, hivyo hivyo. Wiki ijayo wanampima mara ya mwisho. Akishindwa anarudishwa chekechea, akae na watoto wanaofundishwa kushika penseli.
Uongo. Huyu ndiye huniambia mitungi ya maji imebaki mingapi.
Lakini niliitikia tu, ndiyo mwalimu. Mimi niliishia darasa la tano, nikiingia ofisi ya mwalimu narudi kuwa mtoto. Kwenye kona alikaa msichana, Mwalimu Njeri, yule anayejifunza ualimu chuo cha Ruiru na kuletwa hapa kwa mazoezi. Alikuwa ananitazama tu.
Mama yake Akiru hakutaka nimtoe kwetu Lokichar, Turkana. Nilimwambia huku kuna shule. Sasa nitamwambia nini?

Jumamosi, 8 Februari
Nusu siku. Tukiwa tunafua nikamuuliza Akiru kwa upole kwa nini hajibu.
Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Ata alikataza."
Ata ni mama yangu, bibi yake. Ndiye aliyemlea mpaka mwaka jana.
Nikakaa juu ya mtungi. Kwetu watu hawahesabiwi, wala mifugo. Ukihesabu unaita kifo kije kichague. Ng'ombe wakirudi jioni unasimama mlangoni pa boma unaangalia nani hayupo. Basi. Mtoto hakushindwa. Alikuwa anatulinda sisi.

Jumatatu, 10 Februari
Nimeomba ruhusa asubuhi niende shuleni. Nyapara: "Wewe Mturkana, mtoto ni wako au wa serikali?" Nikaenda hata hivyo.
Nilieleza yote. Mwalimu wa darasa hakuwa mbaya, ni kuchoka, darasa limejaa mpaka dirishani. "Baba Akiru, nimekusikia. Lakini mtihani haujui mila."
Nikatoka nimevunjika. Njeri akanikimbilia hadi getini.
"Swali lile ni mimi niliuliza, baba," akasema. "Na cucu wangu, bibi yangu kule Ngoliba, ukihesabu wajukuu wake anakupiga mkono. Sijui kwa nini sikufikiria."
Akauliza kwetu kinahesabiwa nini. Sikuwa nimewahi kuulizwa hivyo na mwalimu. Nikasema mawe. Jiwe halifi.
"Basi niletee mawe."

Alhamisi, 13 Februari
Jana Akiru alibeba shuleni kokoto za mjengo kwenye mfuko wa unga. Leo ndiyo siku ya kupimwa. Mkufunzi wa Njeri alikuja kutoka chuoni kumkagua akifundisha, mwalimu wa darasa naye akakaa nyuma. Mimi nilikuwa napandisha simiti ghorofani, moyo uko Kiganjo. Niliangusha karai, nikatukanwa.
Jioni Akiru alinisubiri nje ya ploti tunayopanga. Alihesabu. Akajumlisha, akatoa. Mwalimu wa darasa hakuamini, akaja mwenyewe akammwagia rundo lingine. Akalimaliza pia.
Anabaki Gredi ya Pili.
Nilipiga kelele mpaka jirani akatoka na mwiko. "Baba Akiru, umeokota nini?"
"Mtoto," nikamwambia.

Jumatano, 19 Februari
Mkufunzi ameniita chuoni nizungumze na walimu wanaofunzwa. Chuo kiko ng'ambo ya barabara, mkabala na mjengo wetu. Nyapara: "Profesa, usisahau kurudi ubebe mchanga."
Niliingia na gamboti miguuni. Vijana wamejaa ukumbi. Niliwaambia habari ya ng'ombe na mlango wa boma, kisha ya Akiru na mawe.
Kisha kijana Mkamba akanyanyuka. Kwao mtoto akimkodolea mkubwa macho anachapwa, lakini alipohamia shule ya mjini aliitwa mwongo kwa sababu alitazama chini. Dada mmoja Mwislamu akasema lake. Punde walikuwa hawasemi na mimi tena, wanasemezana wenyewe kwa wenyewe. Mkufunzi akawaagiza: kabla ya kuingia darasani, kila mmoja aende akaulize nyumba za watoto wa darasa lake zinakataa nini.
Mmoja akaniuliza, "Sasa baba, tukienda ziara tutajuaje wote wamerudi?"
"Waite majina. Angalia nani hajaitika."
Wakapiga makofi. Mimi, wa darasa la tano. Nilitoka nimenyooka kama nguzo. Nyapara aliyasikia makofi kutoka kule juu. Aliniachia mchanga wote niubebe, lakini aliniita Mzee.

Ijumaa, 21 Februari
Mwili unauma. Mvua kidogo.
Akiru anasema Njeri sasa masomo yakiisha anaita majina, polepole, kila mtoto anaitika ndipo mlango unafunguliwa. Mwalimu wa darasa naye ameanza.
Nimempigia mama yake. Amecheka. Amesema nimwache Akiru asome.
Akiru amelala. Nami nimewapitia watu wetu kwa majina, wa hapa na wa Lokichar, mpaka yule mdogo aliyezaliwa nikiwa huku, ambaye bado sijamwona.
Wote wapo.