Sifa Zangu za Kitabu cha Neema Zimetoka Gazetini

Jumamosi, siku ya mnada Katesh. Asubuhi mlima ulijifunika wingu mpaka kiunoni, na vumbi likawa linawapofusha wanunuzi wa mbuzi. Mchana jua. Moyoni mwangu jua tupu, halina hata wingu la kusingizia.

Daftari, keti vizuri. Leo unaandikwa na mtu aliyetoka gazetini.

Bura wa Gendabi, ndivyo jina langu lilivyoandikwa, ukurasa wa mwisho, juu ya tangazo la majembe. Mimi niliyeishia darasa la nne. Mimi niliyeambiwa na Mwalimu Danieli, siku ananitoa shuleni kwa utundu, kwamba jina langu nitaliandika ardhini tu kwa fimbo ya kuchungia.

Ngoja nieleze tangu mwanzo, kabla kichwa hakijapasuka kwa kuvimba.

Baada ya mavuno ya maharage, lori lilileta shuleni sanduku la vitabu vya hadithi, vya watoto na vijana. Mwalimu Danieli akavifungia kabatini visichafuke. Nikamwomba kimoja. Alinipa kwa shingo upande, kwa wiki moja tu, maana mimi si mwanafunzi wake tena. Kilikuwa kitabu cha Neema, msichana anayemtafuta ndama aliyeachiwa na marehemu mama yake.

Siku ya saba Mwalimu akaja mwenyewe kukichukua. Nilikuwa nimebakiza sura mbili. Neema alikuwa ameona nyayo za ndama kwenye tope, na juu ya nyayo za ndama, nyayo za fisi.

Hapo hapo ndipo kitabu kilipotoka mkononi mwangu.

Nilimsihi. Akasema, "Wiki ni wiki, Bura." Akaondoka nacho kwapani, fisi, ndama na kila kitu.

Halafu gazeti likaomba wasomaji waandike juu ya kitabu kile kile: ni kizuri au kibaya, na kwa nini. Nikajiambia, Bura, mlango ndio huu. Nikichapishwa, atanizuiaje tena? Sikutaka sifa. (Uongo. Nilizitaka sana. Lakini zile sura mbili nilizitaka zaidi.)

Shida ilikuwa nisifu vipi. Kwanza niliandika "kizuri sana sana sana", nikaona kama naagiza sukari dukani. Nikafuta. Nikaamua kuandika ukweli, jambo ambalo sina mazoea nalo.

Na sasa, daftari, nakiri.

Katika wiki ile nilikuwa nachunga na rafiki yangu Gidamis. Nilisoma kwa sauti, yeye akawatafsiria wadogo zake ambao Kiswahili chao ni "maji" na "twende". Tulizama. Tulipoinua vichwa, ng'ombe wote kumi na wanne walikuwa ndani ya mahindi ya jirani yetu, Mama Basili. Tukawatoa mbio, na alipokuja kulia shambani tukamwambia tumeona nguruwe mwitu wakikimbilia porini. Mama wa watu akakata miiba, akazungushia shamba peke yake, kuzuia nguruwe. Nilimpita akifanya kazi ile, mikono ina mikwaruzo, nikamwamkia na kwenda zangu.

Hayo ya ng'ombe na mahindi, bila jina lake wala huo uongo wa nguruwe, niliyatia kwenye barua. Sikuwaza mbele. Mtu anayewaza mbele asingetolewa shule.

Hapa Katesh gazeti huja moja tu, kwenye duka la Mzee Salehe. Watu hujaa barazani, na Mwalimu Danieli husoma kwa sauti, maana ndiye mwenye miwani na koo. Leo alifika mapema, kanzu imepigwa pasi. Naye alikuwa ametuma barua juu ya kitabu cha Neema, na mji mzima ulijua, maana aliutangazia mwenyewe.

Akapata ukurasa. Akaanza kusoma huku akitafuta barua yake kwa jicho la pembeni. Nakunakilia hapa, daftari, uone ulivyo na bahati:

"Mhariri, shikamoo. Kitabu cha Neema ni kizuri, na ushahidi ninao. Nilikuwa nakisoma malishoni hapa Gendabi. Neema aliposhuka korongoni, tulishuka naye sote. Tuliporudi, ng'ombe kumi na wanne walikuwa ndani ya mahindi ya jirani, na hatukusikia hata kengele moja. Viko vitabu vinavyomwambia mtoto awe mwema, naye anavifunga ukurasa wa tatu akatupe mawe. Hiki hakikutuambia tuwe chochote, kilitubeba tu. Rafiki yangu hajui kusoma ila anajua ng'ombe, naye anasema aliyeandika hiki amewahi kuchunga. Kosa ni moja: ng'ombe kwenye picha amepewa pembe za mbuzi."

Chini yake mhariri ameongeza kwamba kwa ajili ya barua hii amekitoa kitabu kwenye rafu akakisoma upya.

Baraza zima lilicheka kwenye pembe za mbuzi. Mwalimu mwenyewe alicheka! Akasema, "Huyu kijana anajua kitu." Halafu jicho lake likashuka kwenye jina.

Akalisogeza gazeti karibu na miwani.

"Mwalimu, soma tena hapo pa mahindi." Ilikuwa sauti ya Mama Basili. Alikuwa amekuja kununua chumvi. Mwalimu akarudia. "Na aliyeandika?"

"Bura," alisema, kama anayetema mbegu. "Wa Gendabi."

Mama Basili akanigeukia polepole. "Kumbe nguruwe wangu wanasoma vitabu!"

"Shikamoo, mama," nikasema. Ndicho nilichopata.

"Shikamoo yako haijazi ghala! Nimechanika mikono kwa miiba, kumbe nguruwe wenyewe wananiamkia kila asubuhi!"

Watu walikufa kwa kicheko. Mimi sikucheka. Gidamis angeweza kujificha nyuma ya mbuzi, lakini alisogea akasimama karibu nami. "Tulikuwa wawili, mama," akasema.

Hukumu akaitoa hapo hapo: tutampalilia shamba lote, mpaka gugu la mwisho, kuanzia Jumatatu. Tukaitikia. Ni haki. Nilihisi mwepesi, kama niliyetua mzigo wa kuni.

Kisha Mama Basili akashika kiuno. "Haya. Na huyo msichana, alimpata ndama?"

Macho yote kwangu. Ikabidi niseme, "Sijui, mama. Sijakimaliza."

Mwalimu Danieli akachangamka. "Mnamsikia? Kakisifu kitabu ambacho hakukimaliza!"

"Basi wewe tuambie, Mwalimu," Mzee Salehe akasema kwa upole, akipima chumvi. "Si wewe ulikiandikia barua? Alimpata?"

Mwalimu akavua miwani. Akaifuta. Akaivaa. Akaivua tena.

"Mimi nilitazama zaidi ukubwa wa herufi," akasema.

Ah, daftari! Ningekuwa na mkia ningeutikisa. Lakini nitamsifu panapostahili, maana sasa kusifu ndiyo kazi yangu. Hakukasirika. Alicheka, kidogo kidogo kwanza, halafu mabega yote. Akaenda shuleni kwa miguu yake, akarudi na kitabu, akanikabidhi mbele ya baraza zima. "Safari hii hakuna wiki," akasema. "Ila mkikisoma, na mimi nikute nafasi ya kukaa."

Mama Basili akatia sharti lake: kisifunguliwe mpaka Jumatatu, tukipumzika kupalilia, asomewe tangu mwanzo. Anataka kujua ni hadithi gani iliyokula mahindi yake.

Basi kiko hapa magotini. Gidamis amekaa mbele yangu kama askari wa boma, ananilinda nisichungulie. Sichungulii. Nimeinusa tu ile sura ya mwisho.

Nimeshinda, hilo halina ubishi. Ila kuna kitu kimeanza kunikwaruza sasa hivi, nikiandika. Nimeshakisifu mbele ya nchi nzima, jina langu liko pale kwa wino.

Na kama mwisho wake ni mbaya, je?