Nilikata Kabla Hajajibu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na mafua ya kipupwe yasiwe yamekushika. Baba anaendeleaje na ule mguu? Anakula? Ulezi mmeshavuna, au bado uko shambani unalisha ndege? Mimi mwili ni mzima, ila nimechoka, Mama. Si uchovu wa jembe, ambao mtu akilala unaisha. Huu naamka nao.

Naandika kwa mkono kwa sababu kwenye simu sitayamaliza haya bila kulia, na kaka Deo ataanza kunicheka.

Uliniuliza kazi yangu hasa ni nini, upate cha kuwajibu wenzako wa jumuiya. Waambie hivi: kuna kompyuta kubwa zinaitwa seva, zinazotunza mambo ya benki, ya hospitali, na hizo picha anazokutumia shangazi kila asubuhi. Seva ikiwashwa haijui hata kama ina memori, yaani mahali pa kukumbukia mambo. Lazima iwepo programu ndogo ya kuiamsha kwanza. Makampuni mengi huificha programu hiyo. Sisi tunaiandika wazi, mtu yeyote duniani aisome, aikosoe, airekebishe. Mimi naandika ya prosesa mpya, ndiyo ubongo wa seva, iliyotoka juzijuzi. Ndiyo, Mama, yule uliyekuwa unamvua blanketi ili aende shule, leo analipwa kuamsha wengine.

Sasa mashine hii ilikataa kuamka. Nikiiwasha, inatoa mistari michache kwenye skrini, ikifika mahali pa kupima memori inanyamaza. Nasubiri dakika mbili, tatu, nasema hii imekufa, nazima. Nabadilisha kitu, nawasha, inanyamaza, nazima. Wiki tatu nzima. Bosi akawa anapita nyuma ya kiti changu bila hata kunisalimia. Huku watu hawasalimiani sana, lakini hata kwa huku ilikuwa imezidi.

Mwishowe nikawaandikia wenzetu wa mradi, nikaomba msaada. Akajibu mzee mmoja wa nchi nyingine, sijawahi hata kumwona, anayezipitia kazi zetu kwa kujitolea. Aliuliza, "Huwa unaingoja muda gani kabla ya kuizima?" Nikamwambia. Akasema, "Haijafa. Mara ya kwanza inajifunza memori yake, waya mmoja mmoja, na ikiwa inajifunza haiwezi kusema. Ukiizima inaanza upya. Iache, nenda ukanywe chai."

Nikanywa chai. Nikaosha na kikombe. Niliporudi ilikuwa imeamka, maandishi yanateremka kwenye skrini hayana mwisho. Wenzangu wakapiga makofi. Mimi nikakaa chini, nikamkumbuka baba.

Jumapili ile mlipotoka misani, Deo alimwekea baba simu sikioni. Nikasema, "Shikamoo, baba." Kimya. Nikaita haloo, haloo, nikajua mtandao wa huko umeanza mambo yake, nikakata. Nikapiga tena, vilevile. Mara tatu, Mama. Kesho yake Deo akaniandikia kwamba mtandao ulikuwepo. Baba alikuwa anaitafuta "marahaba", midomo ilishaanza kucheza. Jumapili hiyo alisema neno moja tu, la kwanza kunyooka tangu kiharusi kimpate: "Amekata." Na tangu hapo simu yangu ikiita anageukia ukutani.

Nimeona aibu ambayo sijui niiweke wapi. Mashine ya watu nimeingoja, baba yangu nilimpa sekunde kumi. Naogopa akizoea kugeukia ukuta, hataitafuta tena hiyo "marahaba".

Naomba hivi. Jumapili ya kwanza mkishapata barua hii, mbembeleze aikubali simu mara moja tu. Mwekeeni kiti jikoni penye moto, simu iwe na chaji, kisha Deo anibipu, nami nitapiga. Deo asimsemee. Nawe usimpe neno, hata likikuwasha ulimini. Nitamwamkia mara moja, halafu nitanyamaza, hata kama ni mpaka ugali uive, uliwe, na vyombo vioshwe.

Msalimie shangazi wa Kirando, mwambie dagaa wake walifika salama, na jirani yangu wa ghorofa ya juu amelalamikia harufu. Msalimie wifi yangu pale Mazwi, mke wa Deo, na watoto wao. Bibi mzaa baba mwambie nayaombea magoti yake. Katekista naye umpe salamu, anaiulizia sauti yangu ya kwaya kila mwaka kama vile nilikuwa najua kuimba.

Na haya machache msomee baba mwenyewe, taratibu:

Shikamoo, baba. Sikuchoka kukusubiri, nilidhani hupo. Tafuta neno lako kwa nafasi. Safari hii sikati.

Mwanao,
Skola